Karani Blanketi na Jiwe la King'ora

Jumatatu, 4 Machi

Nimeficha jambo moja kwa miaka arobaini na ushei. Mke wangu alikwenda nalo kaburini. Watoto hawalijui. Wanafunzi niliowafundisha historia mpaka nikazeeka hawalijui. Majuzi daktari aliniambia moyo umechoka, niweke mambo yangu sawa. Alisema huku anatazama dirishani. Daktari akianza kutazama dirishani, kanunue daftari. Nimenunua. Na la kwanza ninaloandika ni hili: mimi ndiye niliyepiga king'ora.

Haya. Nimeandika. Nimeweka kalamu chini nikasubiri. Sijafa.

Ni king'ora cha bandari ya mji huu, kile kilichokuwa kikiwaita makuli kazini na kuwaruhusu kutoka. Mimi nilikuwa karani wa zamu, kijana msomi, shati jeupe, chumba changu mwenyewe juu ya boila, lile tanuri la mvuke. Kazi yangu kutazama saa na kuvuta mnyororo. Wakati ule makuli walikuwa wamebishana juu ya kugoma mpaka koo zimekauka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka mzigo chini. Ndipo siku moja, asubuhi, king'ora kikalia saa isiyo yake. Na kuli akisikia king'ora haulizi. Anaweka chini alichobeba, hata kama ni kikombe, anatoka. Walitoka wote. Kamati ya mgomo ilidhani makuli wameamua. Makuli walidhani kamati imeamua. Jioni kulikuwa na moshi na magari ya askari, na watu watatu wameuawa langoni. Kampuni ilimtafuta aliyepiga king'ora mpaka yenyewe ikafilisika. Mimi nikahama, nikaenda kufundisha historia mbali na bahari. Historia ya kwingine.

Leo nimerudi. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ameajiriwa kutembeza wageni kwenye makumbusho ya bandari. Kanialika. Nauli kalipa yeye. Kwa nini? Mjukuu analipiwa na babu, si babu kulipiwa na mjukuu. Nimekuja na miwani myeusi.

Kituoni alinirukia shingoni, akapiga kelele kwamba mume wake amefika, wanawake wengine wakae mbali. Utani wa bibi yake ule. Sauti ya bibi yake pia. Nikamwambia apunguze, watu wanasikia.

Mji siutambui. Bohari la pamba limekuwa nyumba za watu wenye mbwa. Bohari la saruji linauza kahawa yenye povu. Gati namba tatu, pale nilipomwona kuli akivunjika mguu kwa gunia, limepandwa maua na limewekwa viti. Hakuna masizi! Nimepitisha kidole ukutani, kidole kimetoka safi. Mji uliosuguliwa hivi una la kuficha. Mimi pia nimeoga kabla ya kuja.

Jambo la kuandika kabla sijalala. Nilipopita kwenye uwanja mdogo chini ya nyumba ya mjukuu, watoto waliokuwa wakicheza walinitazama, wakakohoa. Wote. Kho, kho. Kisha wakakimbia huku wanapiga ukelele mrefu. Nimemuuliza mjukuu kama kuna ugonjwa. Anasema hakuna. Basi ni ishara.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda makumbusho kwa siri, yaani na miwani. Mlangoni mlinzi alinikaribisha kwa jina la "babu yake dada". Siri imekufa kabla ya saa nne.

Makumbusho yako ndani ya nyumba ya boila. Nilijificha nyuma ya kundi la wageni, mjukuu akiongoza. Nilitegemea kusikia neno "mhalifu". Kufika ukuta wa majina matatu, akashusha sauti na wageni wakavua kofia. Nami nilivua. Mmoja wa wale watatu alikuwa akija dirishani kwangu kuuliza saa, kila siku, ingawa alikuwa na saa yake. Alipenda tu kunisumbua. Sikuweza kutazama jina lake kwa muda mrefu.

Kisha wakaenda kwenye king'ora, na mjukuu akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye mkono wa shati ili nisiyasahau: huyu asiyejulikana, kwa pumzi moja ya mvuke, aliufungulia mji huu mlango.

Shujaa! Miaka arobaini na ushei najificha kama panya wa ghala, kumbe mimi ni shujaa!

Chini ya king'ora kuna jiwe jeusi, limeng'arishwa, halijaandikwa kitu. Mjukuu anasema litazinduliwa Jumamosi, siku ya kumbukumbu. Jina likipatikana litachongwa. Moyo wangu uliochoka ulipiga kama wa bwana harusi. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi nina mwana, nina na mjukuu, na jiwe nalitaka vilevile. Nikifa watoto wangu watakuwa na mahali pa kusimama na kuonyesha kidole.

Ndipo nikasikia kikohozi cha mtu anayetaka kutazamwa. Mzee ameketi kwenye kiti karibu na jiwe, kikombe cha chai mkononi, wageni wamemzunguka. Anawaeleza alivyovuta mnyororo. Yeye! Nilimjua kabla hajageuka, kwa sauti. Tarumbeta! Mchochea boila wa zamani, mtu aliyekuwa akinong'ona nawe gati zima linajibu. Amezeeka, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini uongo wake bado una meno yote. Anasimulia kila siku, na kila siku wanampa chai.

Nimetoka nje nikameza kidonge.

Kitu kingine. Mjukuu alinionyesha picha kubwa ukutani: mwanamke kijana amebeba birika, amecheka, nyuma yake gati. Chini imeandikwa: muuza chai, asubuhi ya mgomo. Akaniuliza polepole kama si bibi. Nikamwambia wanawake wote wenye mabirika hufanana. Akasema sawa, babu. Hakusema "mume wangu".

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Nisiseme wazi. Mtu mzima hajipigii debe. Nitamdokeza Mkurugenzi wa makumbusho, naye mwenyewe ataruka kwenye kiti aseme: Mungu wangu, ni wewe!

Mkurugenzi ni mama mwenye viatu vyeupe na macho ya mtu wa kodi. Nilimwambia kuna watu wanaojua mengi na wanasema machache. Akakubali. Nikasema kuna mikono inayokumbuka mnyororo. Nikaiweka mezani, yote miwili. Akaitazama kwa huruma, akanishauri mafuta ya kuchua viungo, mama yake anatumia. Hakuruka.

Ikabidi niongeze dozi. Nikamweleza kitaalamu jinsi king'ora cha mvuke kinavyopigwa. Mvuke ukilala ndani ya bomba hugeuka maji. Fundi mjinga anavuta mnyororo papo hapo, kinatema maji na kukwama kooni. Fundi mwenye akili anafungua kwanza koki ndogo ya chini, maji yanamwagika, anafunga, ndipo anavuta. Sauti inatoka moja, safi, ndefu, kama uzi. Nikamwambia kwamba katika utumishi wa karani mmoja ninayemfahamu vizuri sana, king'ora hakikuwahi kukwama hata mara moja. Mkurugenzi aliacha kalamu. Akaniuliza kama nina hakika. Hata mara moja, nikasema. Akanitazama kwa namna mpya. Amenasa kwenye ndoano!

Nikitoka, nani yuko mlangoni? Tarumbeta, na sikio lake bado lina alama ya mbao za mlango. Akafungua mikono na kunguruma mbele ya wageni wote: Karani Blanketi! Bado unapumua?

Jina hilo sipendi kulieleza. Walinipa kwa sababu nilikuwa mtu wa baridi, na chumba kilikuwa na upepo. Basi.

Nikamwambia nimekuja kulinda historia dhidi ya wezi. Akasema historia ina mlinzi tayari, anakunywa chai hapo. Nikamkumbusha kwamba mchochea boila hakuruhusiwa kupanda chumbani kwangu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, yaani ya kawaida kwa watu wengine, mimi siku ile nilikuwa nafanya nini hasa. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi hasa. Tukatazamana. Kila mmoja akakumbuka ana shughuli.

Ana jambo anaficha. Mtu mwaminifu huwa haulizi.

Watoto uwanjani wamekohoa tena. Leo nami nimewakoholea. Wamefurahi mno, wakanifuata mpaka ngazini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa pili. Ushahidi.

Mtu aliyefanya kazi chumba kimoja miaka yote hiyo angekuwa ameacha alama. Kwa nini sikuacha? Ni uzembe tu. Lakini uzembe unarekebishika. Nilikwenda mapema, msumari mfukoni, nikamwambia mlinzi nataka kukaa peke yangu na kumbukumbu zangu. Aliguswa. Akanifungulia kamba ya chumba cha karani, akanipa na kiti.

Chumba ni kilekile. Meza, saa, ndoana ya kofia, mnyororo unaoning'inia. Kitu kilichonishtua ni kwamba mnyororo wenyewe ni mrefu kuliko nilivyoukumbuka. Ukikaa kwenye kiti na kuegemea nyuma, kichwa kinaufikia. Nilikaa. Nikaegemea. Nikasimama haraka.

Nikapiga magoti nyuma ya bomba, jambo ambalo kwa umri wangu ni safari. Nikaanza kuchonga herufi za jina langu na tarehe ya siku ile. Bomba halikuwa baridi. Nikakwaruza zaidi. Likatoboka! Plastiki! Chumba kizima ni cha bandia, kimejengwa mwaka juzi, bomba ni la maji taka limepakwa rangi ya chuma. Mji wa waongo! Na unawatafuta wakweli!

Kuinuka sikuweza. Mlinzi alinikuta hapo chini, msumari mkononi, nimelishikilia bomba lisianguke. Walinipeleka chumba cha huduma ya kwanza. Nilipimwa presha na msichana aliyekuwa akijizuia kucheka. Mjukuu akaitwa kunichukua, kama mzigo usio na mwenyewe.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa pembeni ya kitanda, akaniuliza taratibu kuna nini. Nami nikamwambia. Yote. Kwamba ni mimi, kwamba nimelibeba peke yangu, kwamba nilihofia kampuni, na familia za wale watatu, na askari, na kila mtu aliyegonga mlango kwa nguvu. Machozi yalinitoka. Ya kweli, sijui yalitoka wapi.

Mjukuu alinishika mkono. Akasema nipumzike, yeye atazungumza na Mkurugenzi, atasimama nami Jumamosi, na akitaka kumfukuza kazi kwa kuleta babu yake, na amfukuze. Kisha akauliza swali moja tu. Bibi je, alikuwa wapi siku ile?

Nikasema nyumbani.

Akanitazama kidogo. Jicho la bibi yake lile, la kupimia chumvi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkurugenzi amekubali kutusikiliza sote wawili, mimi na Tarumbeta, kesho, kabla ya kuzindua jiwe, mbele ya wazee wa bandari waliobaki. Kila mmoja ataeleza alichofanya na kuonyesha sauti. Haki tupu! Nani anaijua sauti ile kuliko karani?

Mchana Tarumbeta alinitumia mlinzi: anataka kuniona kwenye viti vya gati namba tatu. Nilikwenda na fimbo, na kuvaa koti nene ikiwa atanisukuma majini.

Alikuwa amenunua mikate miwili. Nilisubiri aume wa kwake kwanza. Akapendekeza suluhu. Jiwe ni pana, majina mawili yanaenea. Yeye alichochea moto, mimi nikavuta, sote tumepiga. Alisema sisi ni wazee, tumebaki kama meno yake, tusigombane mbele za watoto. Nusu ya jiwe ni bora kuliko kulala chini ya jiwe zima.

Lilikuwa neno la busara. Ndiyo maana lilinitia shaka.

Nikakubali, tukapeana mikono. Nilipomshika mkono nikawaza kwamba kesho nitasimama wa kwanza na kusema kila kitu peke yangu. Kwa jinsi alivyonibana vidole, naye aliwaza hivyo hivyo.

Tukatazama maji. Safi! Samaki wanaonekana! Zamani ungechovya karatasi kwenye maji haya ikatoka nyeusi. Tarumbeta akaanza kumtaja mke wangu. Mama Chai, akasema, hakuna chai kama ile tena, hii ya makumbusho ni maji yaliyotishwa na majani. Alikuwa anapanda mpaka kwako na birika, sivyo? Kila asubuhi. Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka, kwa sababu Mama Chai akishuka kwangu ndipo alipokuwa anampitia yeye boilani.

Nikamwambia mkate wake umechacha, nikaondoka.

Jioni nimemkumbuka marehemu bila kupenda. Wakati fulani nilimnunulia birika la kisasa, linalopiga mluzi maji yakichemka. Lilipolia mara ya kwanza alilitoa jikoni kwa kitambaa akampa jirani, na hakutaka maelezo. Na kila mwaka siku kama ya kesho hakuwasha moto mpaka jua la utosi. Watoto niliwaambia tumbo linamsumbua. Hata haya ni historia, lakini sikuwahi kuyafundisha.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Umati! Wazee wa bandari mstari wa mbele, makoti yao ya zamani. Jamaa za wale watatu. Watoto wa uwanjani wamepanda juu ya nguzo za gati. Mjukuu amesimama pembeni yangu, amenishika kiwiko kama yai.

Nilisimama wa kwanza. Tarumbeta alisimama wa kwanza pia. Tulisukumana kidogo kwa heshima. Nikashinda kwa fimbo.

Nilieleza vizuri. Nasema bila kujisifu kwamba nilieleza vizuri sana. Saa ukutani. Mji umeshika pumzi. Mimi peke yangu juu ya boila, naona makuli chini, naamua. Nafungua koki ndogo. Maji yanamwagika. Nafunga. Navuta. Nikaweka mikono mdomoni nikatoa ile sauti, moja, safi, ndefu, kama uzi, mpaka kifua kikagoma. Nikainama kungoja makofi.

Kimya. Na kimya kingi kina mshindo.

Tarumbeta akaeleza hivyo hivyo, na koki hiyo hiyo, maana alikuwa amesikiliza mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Ndege waliruka paani. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza mwenzake, kwa nguvu kwa sababu ni kiziwi, hawa wawili siku ile walikuwepo kweli?

Mkurugenzi akashukuru kwa upole. Upole wa mtu anayefunga geti. Akawageukia watoto juu ya nguzo, akawaomba wamwonyeshe wanavyoanza mchezo wao.

Wakakohoa! Kho. Kho. Kisha ule ukelele mrefu, usiokwisha, mpaka mmoja akaanguka kwenye nguzo kwa kukosa pumzi.

Na wazee wote mstari wa mbele wakatikisa kichwa. Huyo, wakasema. Ndicho chenyewe. Mwanamke wa familia mojawapo ya wale watatu akafunika uso kwa mikono.

Mkurugenzi akaeleza. Tangu siku ile watoto wa mji huu huanza mchezo wa kukimbizana kwa sauti hiyo, baba zao waliiga, sasa wanaiga wao. Kila aliyekuwepo anaikumbuka hivyo: kilikohoa mara mbili, kikashika, hakikuachia. Akanigeukia. Akasema kwamba ni mzee huyu msomi, Jumatano, aliyemfunulia maana yake, na anamshukuru. Fundi mwenye akili humwaga maji kwanza. Kwa hiyo aliyepiga siku ile hakuwa karani wala mchochea boila. Alikuwa mtu asiyejua.

Tarumbeta akaniambia kwa kunong'ona, gati zima likasikia, kwamba yeye wakati ule alikuwa chooni. Nikamjibu aibu gani hiyo. Akasema je wewe? Kho kho hukuzisikia?

Sikuzisikia. Kweli kabisa sikuzisikia. Niliusikia ule mrefu tu.

Jiwe limezinduliwa tupu. Watu walipiga makofi kwa jiwe tupu! Mjukuu alikuwa ameniachia kiwiko. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa ndani, amesimama mbele ya picha ya mwanamke mwenye birika, karibu sana, anayasoma yale maandishi ya chini.

Jumapili, 10 Machi

Nilipoamka mjukuu alikuwa mezani tayari. Chai imemiminwa vikombe viwili. Nakala ndogo ya ile picha imeegemezwa kwenye birika. Hakuniita mume wake. Aliuliza tena: bibi alikuwa wapi?

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nimechutama.

Nikamwambia ni yeye. Alipanda na birika kama kila asubuhi, akavuta mnyororo. Kikakohoa, akashtuka akauachia. Akavuta tena, akaachia. Mara ya tatu pete ya mnyororo ikanasa kwenye mpini wa birika, na bibi yako hakuwa mtu wa kuacha birika. Alilivuta birika. Akavuta king'ora. Akalivuta birika. Makuli wote walikuwa wametoka langoni na yeye bado anagombania birika lake.

Mjukuu alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Halafu machozi hayakuwa ya kicheko tena. Nilimwambia bibi yake naye hakuwahi kucheka mpaka mwisho wa hadithi hiyo, kwa sababu mwisho wake uko langoni. Yule kijana wa kuuliza saa alikuwa amekunywa chai ya bibi yako asubuhi ile. Ndiyo sababu hatukusema. Mimi niliogopa kampuni. Yeye aliwaogopa wale mama watatu, waliozaa wale waliouawa.

Akafuta macho akauliza: lakini kwa nini alivuta? Nikasema alitaka kuniita, nilikuwa nje nakagua mabomba. Akasema mm. Akavaa viatu, akaenda kwa Mkurugenzi. Jiwe litachongwa Mama Chai, na picha itapata jina. Amesema kwamba wale mama walio hai bado, pamoja na watoto wao, wataambiwa kwanza, na yeye mwenyewe ndiye atakayewaambia. Mlangoni aligeuka akasema, kwaheri, mume wangu. Kwa sauti ile.

Nimebaki na daftari. Nyumba ni kimya. Uwanjani wanakohoa.

Ni haki yake. Sina neno. Marehemu anastahili jiwe, na mimi nitasimama kando yake kwa unyenyekevu na kunyoosha kidole.

Ila nimefikiri jambo moja, na kadiri ninavyolifikiri linanoga. Mtu havuti mnyororo bila sababu. Yeye alivuta, sawa. Sababu ilikuwa nani? Mimi! Bila mimi hakuna kuvuta. Bila kuvuta hakuna mgomo. Bila mgomo hakuna makumbusho, na hawa wa kahawa yenye povu wangekuwa wanabeba saruji. Pale pembeni ya jiwe lake pana nafasi ya jiwe la pili, dogo, sina makuu. Au kiti chenye jina langu, kabla Tarumbeta hajapata wazo hilo. Tena kiti ndicho hasa! Kesho asubuhi namwendea Mkurugenzi, bila miwani.

Atauliza nilifanya nini. Nimejaribu kuandika jibu mara tano na mara tano nimelifuta, nimeweka mabomba, nimeweka ukaguzi, nimeweka upepo wa baridi. Usiku ule wa mgomo, moshi ukiwa bado umetanda, mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda na birika mapajani, akaniambia: nilikuita, nikakutikisa, nikakumwagia na chai mguuni. Nilitaka kuamsha mtu mmoja tu. Nikaamsha mji.

Basi hilo ndilo nitakalomwambia, kwa kichwa kilichoinuka, na achonge vizuri.

Nilikuwa nimelala.